Somo: "Turn it off" au "turn off it"? Kupanga vitenzi vya Kiingereza na mikia yake

Swali la kwa nini "look after her" ni sahihi na "turn off it" ni kosa huulizwa kila baada ya siku chache, na kila mara majibu huishia njiani. Naliweka somo zima hapa. Lisome lote kwanza, ndipo uulize.

Neno dogo linalofuata kitenzi (up, off, out, after, for) nitaliita mkia.

Hatua ya 1. Kitenzi na mkia wake vishike kama neno moja. "Look for" ni tafuta, "look after" ni tunza, "look into" ni chunguza. "Look" iliyo peke yake daftarini haikusaidii.

Hatua ya 2. Usiutafsiri mkia. "The lights went off": taa zilizimika. "The alarm went off": kengele ililia. "The milk went off": maziwa yaliharibika. Aliyekariri kwamba "off" ni kuzima ataelewa kwamba kengele ilinyamaza, kumbe ndiyo kwanza inalia.

Hatua ya 3. Angalia kama kuna yambwa, yaani kitu au mtu anayetendewa. "Grow up" (kua) na "show up" (tokea) hazibebi yambwa, kwa hiyo hapo huna cha kupanga.

Hatua ya 4. Hapa ndipo watu huanguka, tusiende mbio. Mkia ni wa aina mbili. Ukiwa kielezi, ni mali ya kitenzi na unaweza kuhama. Ukiwa kihusishi, umeshikamana na nomino iliyo mbele yake na hauhami. Tazama sentensi hizi mbili:

She ran up the hill. (Alipanda kilima mbio.)
She ran up the bill. (Alilimbikiza deni.)

Kwa macho zinafanana kabisa. Sasa ondoa nomino, weka "it". Ya kilima inakuwa "she ran up it". Ya deni inakuwa "she ran it up", na haina namna nyingine. Kanuni ni hii: mkia ukiwa kielezi, kiwakilishi hukaa katikati, daima.

Utajuaje mkia ni upi? Sikiliza mkazo: katika "turn it OFF" sauti hupanda kwenye mkia, katika "LOOK at it" hupanda kwenye kitenzi. Au chomeka kielezi kingine katikati: "look carefully at the picture" inakubali, "turn quickly off the radio" inakataa.

Maonyo:
- Nomino huficha kosa. "Turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sahihi, hivyo mtu anaweza kuandika miaka bila kugundua kwamba hajui kanuni. Jipime kwa "it" na "them" tu.
- Yambwa ikiwa ndefu, usiutupe mkia mwisho. "Turn off all the lights you left on upstairs" inasomeka vizuri. Ukiipeleka "off" mwishoni msomaji anapotea.
- Mpangilio unaweza kugeuza maana. "I saw through him" ni niligundua ulaghai wake. "I saw him through" ni nilimsaidia mpaka akavuka.

Hatua ya 5. Yenye mikia miwili kwa kawaida haitenganishwi: put up with, run out of, look forward to. Hiyo "to" ya mwisho ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "I look forward to hearing from you". Ukiandika "to hear" katika barua ya kuomba kazi, umekosea mstari wa mwisho anaousoma mwajiri.

Hatua ya 6. Jihadhari na Kiswahili chako. "Nisubiri" na "nisikilize" zimeshambeba mtendwa ndani kwa -ni-, ndiyo maana tunasema "wait me" na "listen me". Sahihi ni "wait for me" na "listen to me". Kinyume chake, "discuss about" ina mkia wa bure. Sema "discuss the matter". Na ni "cope with", si "cope up with".

---

Maswali

Mgeni07: Mkuu, kwa hiyo "turn off it" inaruhusiwa au hapana?

Jibu: Hapana. Hatua ya 4.

Haraka: Naomba orodha ya vyote kwenye PDF.

Jibu: Sina, na isingekusaidia. Chukua ukurasa mmoja unaousoma leo, toa vitano, vitungie sentensi zenye "it".

Kinoo: Mbona "pick me at five" watu wanasema na wanaelewana?

Jibu: Sijasema hawaelewani. Nimeeleza kanuni. "Pick" bila "up" ni kuchagua au kuchuma; kwa asiyetuzoea, "pick me" ni "nichague mimi". Ukitaka kufuatwa na gari, sema "pick me up".

Dodoso: Kamusi inaonyesha mkia upi unahama?

Jibu: Swali zuri sana. Katika kamusi za wanafunzi, "sth" ni kitu na "sb" ni mtu. Ukiona "turn sth off", yambwa inaweza kukaa katikati. Ukiona "look after sb" tu, haikai. Nyingine huweka mshale wenye ncha mbili ↔ kuonyesha kwamba pande zote mbili zinakubalika.

Dodoso: Na kwa nini Kiingereza kikachagua njia hii?

Jibu: Kiingereza cha kale kilipachika viambishi mbele ya kitenzi, mabaki yake ni withstand, overcome, understand. Baadaye vingi vikafifia, na kazi hiyo ikachukuliwa na maneno madogo yanayofuata kitenzi. Sisi hubadili mwisho wa kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia. Kwetu mkia umeota mwilini. Kwao umesimama kando.

Fundi_Neno: Nyongeza: "login" na "log in" si kitu kimoja. Moja ni nomino.

Jibu: Kweli kabisa. Pima kwa wakati uliopita: "logged in" ipo, "logined" haipo. Kitenzi huandikwa mbali na mkia wake: set up, back up, break down. Nomino huungana, na mkazo huhamia mwanzo: SETup, BACKup, BREAKdown.