SOMO: Bajeti ya bunduki ya kuwindia ya kuungiwa na fundi (soma kabla hujaniuliza)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne "nimepata hela kidogo, nianze kununua nini?" Usianze kununua. Chukua daftari. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia hili.

1. Kibali. Sheria ya unakoishi ndiyo inasema kaliba gani (aina na ukubwa wa risasi) unaruhusiwa na nani anaruhusiwa kuiunga. Hujapata, ishia hapa.

2. Mnyama na eneo. Mtu wa kupanda milima siku nzima anataka bunduki nyepesi, wa kukaa kwenye maficho uzito haumsumbui. Ila nyepesi ina teke, usije kulia baadaye.

3. Kaliba, maana ndiyo inachagua akshoni (chuma cha katikati kinachoingiza risasi na kuifunga nyuma ya mtutu). Risasi nzima ya .308 Winchester ina urefu wa kama milimita 71, .30-06 inafika 85, hivyo ya kwanza inakaa kwenye akshoni fupi na ya pili inataka ndefu. Magnum nyingi (risasi zenye nguvu zaidi) zinataka na uso mpana zaidi wa bolti, ile komeo inayoshika kitako cha risasi. Chagua ile ambayo risasi zake unazipata bila kuhangaika.

4. Mtutu na kitako (mwili wote unaobeba mtutu, sio ule wa begani tu). Hapa ndipo nilipoungua mimi. Niliona kitako cha mbao ya walnati, mishipa yake kama moshi, nikalipa siku hiyo hiyo wakati mtutu hata sijauagiza. Mtutu ukaja mnene kuliko mfereji wa kitako, fundi akachonga, akachonga tena, tukasema imetosha. Kiangazi ilipiga vizuri kabisa. Mvua zilipoanza mbao ikavimba, upande wa kushoto ikawa inausukuma mtutu, risasi zikahama karibu kiganja kizima kwa mita 100 na mimi nimekaa nalaumu darubini, nikaifungua, nikaifunga, nikachoma paketi mbili za risasi bure. Siku moja nikapitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ikakwama katikati. Kumbe! Nililipa kuchongesha na kupaka rangi mara ya pili. KWA HIYO: mtutu kwanza, unene wake uandikwe kwenye oda, KISHA kitako. Na usilipie kitako kabla hujapimwa urefu kutoka triga hadi begani, ukiwa umevaa koti lako la kuwindia, sio fulana.

5. Darubini, bezi na ringi (vyuma vya kuifungia juu ya bunduki). Watu wanamaliza hela kwenye chuma halafu wanafunga kioo cha hovyo. Angalia kipenyo cha bomba, kama ni milimita 25.4, 30 au 34, ringi zifuate hicho.

6. Kazi ya fundi. Muombe bei kwa maandishi, kila kazi na mstari wake. Nafasi ya chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) anapima yeye kwa geji, sio wewe na video.

7. Risasi za kuzero (kurekebisha darubini mpaka risasi ipige pale unapolenga) na za mazoezi. Ziko kwenye bajeti, sio "nitaona mbele".

Mgawo wangu kwa mafungu kumi: manne akshoni na mtutu, matatu darubini na vifungio vyake, mawili kitako, triga na fundi, moja risasi. Juu ya hayo weka akiba, maana kuna kitu utasahau tu.

MASWALI

Kware: Mkuu sijasoma yote, jumla inakuja kiasi gani?
– Soma yote.

Dumu: Si bora ununue ya kiwandani yakaisha? Naona mnajisumbua tu.
– Kwa wengi ni kweli, na sijamlazimisha mtu. Ya kiwandani ni nafuu, na hii ukija kuiuza hurudishi ulichoweka. Mimi natumia mkono wa kushoto na mikono yangu ni mirefu, za kiwandani nyingi zinanikataa.

Mama Swala: Asante kwa somo kaka. Mtutu mwembamba ukipata moto unahamisha risasi, nikichukua mwepesi si nitakosa?
– Swali zuri dada. Mwembamba unapata moto haraka, kweli, lakini porini unapiga moja, mbili ukizidi sana, na mtutu ni baridi. Kwa hiyo zero ukiwa baridi: piga, uache upoe kabisa, piga tena. Itakula mchana mzima, beba na chai. Kinachohesabika ni ile ya kwanza inaangukia wapi, sio kundi la risasi tano za harakaharaka.

Kware: Nimesoma sasa. Nina darubini tayari, nianzie kitako?
– Rudi namba 4.

Jongoo: Nyongeza wakuu, pimeni uzito ikiwa na mkanda na risasi ndani ya hesabu. Yangu kwenye karatasi ilikuwa kilo 3, nilipoitundika kwenye mzani wa mizigo ikasoma 4.1.
– Hahaa, hiyo ya mkanda hata mimi niliisahau. Ila itundike ikiwa tupu, risasi zipime pembeni halafu ujumlishe.