Kumwekea tableti mzee anayeanza kusahau

Mwongozo huu ni wa mlezi: binti, mjukuu, mkaza mwana au dada wa kazi anayeshinda na mzee ambaye dimenshia yake, yaani ugonjwa wa kusahau, ndiyo kwanza inaanza. Anawajua watoto wake, chai anajipikia, ila swali moja huliuliza mara tatu. Nimewasaidia wazee kadhaa hapa Mombasa, Kibokoni hadi Kisauni, na mengi yanayosingiziwa kumbukumbu nimeyakuta ni ya kidole.

1. Muulize mwenyewe anachotaka

Mmoja atataka kumwona mwanawe aliye Dubai, mwingine taarab ya Juma Bhalo au Zuhura Swaleh, mwingine Qur'ani. Chagua mambo mawili, usizidishe. Michezo ya kunoa akili mimi siiweki. Haitibu ugonjwa huu, na mzee akishindwa mbele ya wajukuu anavunjika moyo.

2. Punguza vilivyomo

Skrini ya mwanzo ibaki na alama za hayo mawili tu, maandishi makubwa, arifa zimezimwa. Zima pia programu kujisasisha zenyewe kutoka Play Store: kitufe kikihama usiku, asubuhi mzee ameanza upya. Muda wa skrini kuzimika urefushe kadiri kifaa kinavyoruhusu. Nyimbo zipakue ziwe ndani ya tableti, maana YouTube humletea matangazo na video asizoziomba.

3. Kidole

Hapa usiwe na haraka. Kabla ya kubadilisha chochote, keti kando yake utazame anavyogusa, bila kusema neno. Mzee aliyezoea redio ya vitufe hukandamiza, tena huacha kidole pale pale. Tableti inaelewa kwamba ameshikilia: alama inanyanyuka, inahama au inaondoka kabisa. Yeye anasema kitu kimeharibika, nyumba nzima inasema amesahau tena.

Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya ufikivu (Accessibility), utafute muda wa kugusa na kushikilia. Uweke mrefu kabisa. Kwenye Samsung, funga pia mpangilio wa skrini ya mwanzo ili alama zisihame. Anayetetemeka mkono mwekee kupuuza miguso inayorudiwa. Kwenye iPad, kupuuza miguso inayorudiwa kumo katika marekebisho ya mguso (Touch Accommodations). Badilisha kimoja, mwache atumie, ndipo uguse kingine; ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichosaidia wala kilichozidisha tabu.

Kuna na ngozi yenyewe. Kioo kina umeme mdogo ambao kidole huuvuta, ndivyo kinavyotambua mguso, na vidole vya wazee huwa vikavu, hivyo mguso wa kwanza mara nyingi haushiki. Anakandamiza zaidi, na tumerudi kwenye shida ile ile. Joto letu nalo huleta jasho, na mkono uliotoka kwenye mahamri una mafuta. Anawe, ajifute kwa kitambaa kikavu. Bandua kioo kinene cha ziada kama kipo. Ikishindikana, mnunulie kalamu ya kugusia skrini, yenye ncha ya mpira. Kwa wenye vidole vikavu naipenda kuliko mpangilio wowote.

Tena tableti iwe yake peke yake. Mjukuu akiichukua kuchezea ataiona nzito kuitikia, atarudisha mipangilio ilivyokuwa, na hatamwambia mtu.

4. Kumfundisha

Fundisha asubuhi baada ya chai. Jioni wengi wao huchanganyikiwa zaidi, waache wapumzike.

Usimuulize, "Mama, wakumbuka tulivyofanya jana?" Swali hilo ni mtihani, na akikosea, kosa lenyewe laweza kukaa kichwani kuliko jibu. Mwambie, "Mama, gusa hapa," umwelekeze kabla hajakosea. Baada ya dakika moja mwache aguse mwenyewe, kisha dakika mbili, kisha nne. Akikwama rudi kwenye nafasi fupi aliyoiweza. Mkono hujifunza kwa kurudia hata pale kichwa kisipokumbuka somo, kwa hiyo njia iwe ile ile kila siku na kwa kila mlezi. Kaeni muikubaliane.

Na usimpokonye. Najua inachosha kumngoja, lakini ukimfanyia wewe, siku hiyo hakujifunza kitu.

5. Simu ya video

Weka majina machache ya WhatsApp, na kila mwenye jina aweke picha ya uso wake wa sasa. Picha ya mwanawe akiwa shuleni haitamsaidia. Mpigaji ajitambulishe kwanza: "Shikamoo mama, ni mimi Ali, niko Dubai." Asimfanye akisie.

6. Pesa

Laini yenye M-Pesa isiingie kwenye tableti hii. Ibaki kwenye kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, na nambari ya siri isiandikwe nyuma ya kifaa. Duka la programu lifungie kwa neno la siri analolijua mlezi mmoja, na mzee mwenyewe aambiwe ni nani huyo na kwa nini.