Kagua derivativu yako kwa grafu
Nimelishika hili kwenye maabara ya kalkulasi: ukishapata derivativu (fomula ya mteremko wa grafu) ya f(x) kwa mkono, usikimbilie kuiuliza programu jibu. Chora jibu lako, kisha juu yake chora (f(x+0.001)−f(x))/0.001. Huo ni mteremko wenyewe uliopimwa kwa hatua ndogo, kwa hiyo mistari ikilaliana uko sawa. Mimi nilisahau alama ya kutoa kwenye derivativu ya cos x, ikajianika papo hapo: grafu moja inapanda, nyingine inashuka. Ila usiwe na tamaa ya kupunguza 0.001 hadi 10⁻¹⁶; kompyuta hukata tarakimu, 1+10⁻¹⁶ ikabaki 1 tu, na pale x=1 utaambulia sufuri. Kwenye kona ya grafu nako mbinu hii inadanganya: |x| (x bila alama ya kutoa) pale 0 itakupa 1, ilhali derivativu haipo.