Kuchora Katuni na Mtoto Aliyelazwa Wodini

Mtoto aliyelazwa huamuliwa karibu kila kitu: saa ya kuamka, sindano, chakula, hata nani amguse. Mchoraji wa kujitolea ni mmoja wa watu wachache wanaoingia wodini ambao mtoto anaweza kuwaambia "sitaki" nao wakaondoka bila kinyongo. Ilinde haki hiyo kwanza. Kuchora kunafuata.

Pata kibali cha hospitali na ujifunze kanuni zao za kuwalinda watoto. Siku ukiwa na mafua, kikohozi, homa, kuhara au vipele, usiende, hata kama uliahidi. Wodini wapo watoto ambao dawa za saratani zimeshusha kinga yao, na kwao mafua si jambo dogo.

Andaa mfuko mmoja kwa kila mtoto: karatasi tano za A4, penseli laini ya 2B iliyochongwa tayari, na kalamu sita za rangi za maji zenye ncha nene. Vyote vinabaki kwake. Kalamu iliyotoka kitanda hiki isiende kingine, kwani hubeba vijidudu. Kibao cha plastiki cha kuchorea kifutwe kwa dawa ya wodi kila kinapohama. Usilete kalamu zenye harufu kali, kwa kuwa huwachefua wanaotumia dawa nzito, wala puto, maana mpira asilia huwadhuru wenye mzio nao. Krayoni za nta zinahitaji kukandamizwa. Mtoto aliyeishiwa nguvu huona rangi imefifia akakata tamaa. Na anayechora amelala chali mpe penseli, kwa sababu kalamu ikielekea juu wino huweza kuacha kufika kwenye ncha.

Safisha mikono kabla na baada ya kila kitanda. Kitakasa mikono chenye spiriti hutosha mara nyingi, ila kwa mgonjwa anayeharisha tumia sabuni na maji, kwani spiriti haiui spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, za baadhi ya bakteria wa tumboni.

Ukifika, muulize muuguzi wa zamu: nani asisogelewe leo, nani ana kanula (kijirija cha dawa kilichoingizwa mshipani) na iko mkono gani, nani anasubiri upasuaji au dawa. Kisha kaa kwenye kiti, si kitandani, macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto.

Usianze kwa kuonyesha ufundi wako. Mtoto akiona mchoro uliokamilika hujilinganisha nao, kisha huweka penseli chini. Chora duara tu, uliza: "Huyu ana macho mangapi?" Akisema saba, chora saba, au bora zaidi, mpe penseli aongeze la nane. Kutia chumvi kwenye sura, ambako ndiko uhai wa katuni, hapa kuache kabisa kwa uso wa mtoto mwenyewe. Huenda nywele zimenyonyoka au mashavu yamevimba kwa dawa. Muulize anataka kuonekanaje, umchore hivyo hivyo.

Kwa mtoto mwenye dripu mkononi, katuni inayosogea ninayoipendekeza ni ya picha mbili, kwa kuwa huchezeshwa kwa mkono mmoja. Kata A4 kwa upana iwe vipande vinne. Kila kimoja kitakuwa na urefu wa sentimita 21 na upana wa karibu sentimita 7.4. Kunja kipande katikati, mkunjo uwe juu. Kwenye ukurasa wa ndani, wa chini, mtoto achore sura iliyofumba mdomo. Funika, kisha mchoro uleule unakiliwe juu yake, mdomo tu ukiwa wazi. Viringisha ukurasa wa juu kwenye penseli, kuanzia ukingo wa chini, hadi ujikunje wenyewe. Wewe shika mkunjo. Yeye apeleke penseli juu na chini haraka. Sura itaanza kuongea.

Kichwa kizima kikitikisika, picha hazikulingana: mulika tochi ya simu chini ya karatasi wakati wa kunakili. Ukurasa usipojikunja, karatasi ni nzito mno. Ya gramu 80 kwa mita ya mraba inafaa.

Mwenye nguvu na muda atengeneze kijitabu cha kurasa 24, ambacho kwa picha 12 kwa sekunde hudumu sekunde mbili. Aanze na ukurasa wa mwisho, ili kila ukurasa mpya uangukie juu ya mchoro uliotangulia na kuuonyesha kwa chini.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Akianza kugeuza uso, maliza. Mchoro ni wake. Picha ya simu isipigwe bila idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na karatasi iliyoingia chumba cha kutengwa isitoke. Usimwambie "nitarudi kesho" kama huna hakika. Akikutajia maumivu au jambo linalomtisha, mfikishie muuguzi kabla hujatoka wodini.