Bluberi: Majivu Kaa Nayo Mbali, Bambi Waache Waje

Kwa ndugu zangu mlioko Maine, Massachusetts au New Jersey na mmebahatika kupata kipande cha bustani: bluberi ya vichaka virefu (Vaccinium corymbosum) ni mmea wa huko huko, huota wenyewe kwenye vinamasi vya mashariki mwa Marekani. Elizabeth White na mtaalamu wa mimea Frederick Coville waliutoa porini New Jersey, wakauza mavuno ya kwanza mwaka 1916.

Unataka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali huongezeka) 4.5 hadi 5. Pima kwanza, namba ikizidi hapo, changanya salfa mwaka mmoja kabla ya kupanda. Ile desturi yetu ya kumwaga majivu ya jikoni bustanini, hapa ikome. Majivu hupandisha pH kama chokaa, mmea ukashindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga yanageuka manjano, mishipa inabaki kijani. Ukihitaji mbolea ya naitrojeni, tumia SA (salfeti ya amonia), si CAN (ile yenye kalsiamu). Mizizi iko juu juu, kwa hiyo weka matandazo ya maganda ya msonobari na usipitishe jembe karibu na shina.

Sasa maua, ambayo wengi hawayaangalii. Ua limeinama, mdomo umebana, na chavua imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, kama kichupa cha chumvi cha mezani. Bambi, yule nyuki mnene mwenye manyoya, huling'ang'ania ua na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Chavua inamwagika tumboni mwake. Ukisimama karibu utasikia mvumo ukibadilika. Nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. Husaidia, lakini wanatakiwa wengi, na siku ya baridi yenye mawingu hawatoki mzingani wakati bambi yuko kazini. Kwa bustani ndogo, mimi nisingenunua mzinga. Ningeacha kona moja bila kufyeka, maana bambi hupenda mashimo ya panya yaliyohamwa, na nisingepiga dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Panda aina mbili zinazochanua pamoja, kwa mfano Bluecrop na Blueray. Zikichavushana, matunda huwa makubwa na huiva mapema. Miaka miwili ya mwanzo nyofoa maua yote, hata kama inauma.

Tunda likigeuka buluu usikimbilie kuchuma. Kama karibu na kikonyo bado kuna wekundu, ni chachu. Lipe siku chache zaidi.