Kuendesha baiskeli ya umeme kwa betri mbili za drili

Kama una drili au grinda ya betri, huenda tayari unayo sehemu iliyo ghali kuliko zote kwenye baiskeli ya umeme. Betri ya 18V ina seli tano za lithiamu zilizofuatana. Unganisha mbili kwa kufuatana upate 36V, volti ya mota nyingi za gurudumu za wati 250 na 350. Mbili za 5Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji) hubeba wati-saa 180 hivi: kilomita 15 barabara ikiwa tambarare nawe unapiga pedali.

Hatua ya 1: Tafuta betri pacha

Hapa nakuomba usiharakishe. Ziwe za kampuni moja, Ah zilezile, umri mmoja. Mimi nilianza kwa kuchanganya betri mpya na kuukuu ya grinda. Nikipanda Valley Road, Nairobi, macho yote kwa matatu, sikutazama voltimita hadi katikati ya mlima: mpya 19.6V, kuukuu 12.1V. Kontrola, kile kisanduku kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, nyingi za 36V huzima karibu na 31V. Yangu ilikuwa inaona jumla tu, 31.7V, ikaendelea kuvuta, huku kila seli ya ile kuukuu ikiwa imeshuka hadi 2.4V. Betri hiyo haikushika chaji tena. Betri nyingi za zana hutegemea zana yenyewe kuzikatia umeme zikiisha, na baiskeli haijui kazi hiyo.

Jihadhari na bandia pia. Seli moja ya 18650, saizi ya kawaida kwenye betri hizi, ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri inayodaiwa kuwa na seli kumi (safu mbili za tano tano) ikiwa chini ya gramu 450, plastiki ikiwemo, usinunue.

Hatua ya 2: Adapta na waya

Usifungue betri wala kuilehemu. Nunua adapta mbili, yaani vishikio vya kuchomekea betri, zinazoingiana na betri zako. Anza kuulizia Luthuli Avenue. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi, wa 2.5 mm². Ule mgumu wa nyumba hukatika kwa mitetemo ya mashimo.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Ziite betri zako A na B. Zikiwa nje ya adapta, unganisha hasi ya A kwenye chanya ya B. Chanya ya A ipitie fyuzi ya ampea 20, kisha swichi, ndipo ifike kwenye kontrola. Hasi ya B iende moja kwa moja kwenye kontrola. Fyuzi za kawaida za gari zimeandikwa 32V, nazo betri zako zikijaa ni 42V, kwa hiyo cheche inaweza kuendelea kupita hata fyuzi ikishaungua. Tafuta ya 58V au zaidi, na swichi iwe ya umeme wa DC wa volti hizo. Kontrola isivute zaidi ya ampea 15.

Kabla ya kuunganisha waya hizo kwenye kontrola, ingiza betri upime. Zikiwa zimejaa, multimita isome karibu 42V. Ikisoma 0, huenda betri moja imegeuzwa au kuna mahali hapajagusana. Ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza waya za chanya na hasi, na kosa hilo huua kontrola papo hapo.

Hatua ya 4: Voltimita mbili

Kila betri iwe na voltimita yake, yenye waya zake mbili. Usiunganishe hasi za voltimita hizo pamoja kwa kuokoa waya: utakuwa umepiga shoti betri B, kwani hasi ya A ndiyo chanya ya B. Ukiwa kwenye mwendo, yoyote ikigusa 15V, achia akselereta upige pedali.

Hatua ya 5: Kuchaji

Chomoa zote mbili, kila moja uichaji kwenye chaja yake ya asili. Usitumie chaja ya 42V kuzichaji zikiwa zimeungana, kwa sababu hakuna kinachosawazisha A na B. Ziandike namba kwa wino, zitumike na kupumzika pamoja. Ukiitwa kazi ya drili, beba betri ya tatu.