Swali la siku kijiweni, unaanzaje?

Kwanza swali liwe moja tu, ukirusha matano kahawa inaisha watu wamechoka. Chagua kitu ambacho kila mtu anadhani anakijua. Mimi pale kijiweni kwetu Dodoma mjini nilianza na basketi: kwa nini ule mchezo umeitwa kikapu? Waache wabishane kwanza, usikimbilie jibu, halafu sasa ndo unawapa stori yenyewe, kwamba mwaka 1891 kule Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alikuwa na vijana wamefungiwa ndani na baridi, akatundika vikapu vya matunda juu kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, vina kitako kabisa, yaani ukifunga mtu anapanda ngazi kuutoa mpira! Hapo kijiwe kizima kinaamka.

Kesho yake leta la nyumbani. Bao lina kete ngapi? 64, kila mtu 32. Au jina Dodoma, hilo waulize wazee wa Kigogo wenyewe, watakupa masimulizi ya tembo aliyezama matopeni, idodomya, yaani "amezama" kwa Kigogo, na ukishauliza tulia, usimkatishe babu.

Jibu liandike kabla kwenye karatasi, ubishi usije ukakuchanganya. Mshindi mpe kashata.